Mama Wakio na Ngoma Iliyokatwa Mnarani

Mama Wakio ameolewa na Gibson, na mimi nimeolewa na mdogo wake Gibson, kwa hivyo boma zetu zinapakana huku Ronge. Akikohoa nasikia. Jina lake la kanisani ni Tryphena. Nilipokuja kuolewa, yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kuteka maji na mawe ya mtoni yanayoteleza. Si mtu wa maneno mengi. Mkono wake ni mwepesi: akikaa na kikapu cha maharagwe, maganda yanarundikana upande mmoja na wewe bado unatafuta pa kukaa.

Alikuwa na mtoto mmoja, msichana, ndiye Wakio. Surua ilipopita huku iliingia boma nyingi, na ya kwake pia. Wakio alikuwa karibu kuanza nasari. Tulimzika asubuhi, manyunyu yakianguka, na mchana watu walikunywa chai wakaenda zao.

Mama Wakio hakulia. Nilidhani atalia kesho yake, au siku tatu baadaye watu wakishatawanyika, lakini hakulia. Wala hakulala. Kila nilipoamka kumnyonyesha Danson wangu niliona moto wa jikoni kwake unawaka. Asubuhi nilimkuta ameshafagia kiwanja, vyombo vimeshapangwa, ameketi na mikono yake mapajani. Ukimwuliza, "Umelala?" anasema, "Nimelala." Alikula kama mtu aliyepewa kula iwe kazi. Kukiwa na jambo la kuchekesha alicheka mahali panapofaa, kisha akanyamaza kabla wengine hawajamaliza.

Watu waliacha kumwita Mama Wakio. Walidhani wanamhurumia. Wakawa wanasema "mke wa Gibson", au wanaanza kuongea tu bila kumwita. Mimi niliendelea kumwita hivyo kwa sababu sikujua jina lingine la kumwita mkubwa wangu, na hakunikataza.

Gibson ni seremala, na wakati huo alikuwa mzee wa kanisa. Ni mtu mzuri. Alikuwa akimtazama mkewe, anaanza neno, kisha anasema, "Tumwachie Mungu," anarudi kwenye mbao zake.

Siku moja tukichambua mboga, Mama Wakio aliniambia, "Mama Danson, mama yangu aliwahi kuchezewa mwazindika."

Nilitazama njiani kama kuna anayepita. Mwazindika ni ngoma yetu ya tangu zamani, na siyo ya kuchezea tu. Mtu akiwa na uzito ndani yake, anaketishwa katikati, ngoma zinapigwa mpaka apande, yaani kile kilicho ndani kiinuke kimtikise. Halafu mpigaji wa ngoma kubwa anamwuliza anataka nini, na mtu anasema. Akishasema, ngoma inapunguzwa polepole mpaka iishe yenyewe. Sharti ni moja: mtu akishapanda, ngoma haikatwi. Kanisa liliikataza kabla sijazaliwa. Ukionekana huko unatengwa, hupokei meza ya Bwana, na kama ni wa Umoja wa Akina Mama unarudisha beji.

"Alifiwa na mtoto kabla yangu," akaendelea. "Akawa hivi nilivyo. Walipomchezea akalala. Bibi aliniambia alilala mpaka wakawa wanamwekea mkono puani waone kama anapumua. Ndiyo baadaye nikazaliwa mimi."

"Na wewe unataka?"

"Mimi ni mke wa mzee wa kanisa," akasema, akachukua fungu lingine la mboga.

Mwaka ule Uhuru ulikuwa unatimiza miaka ishirini. Chifu aliita baraza akatuambia kwamba huko Nairobi serikali imejenga mnara mkubwa wa taifa, utafunguliwa kwa sherehe, na kila wilaya itapeleka ngoma yake. Ya kwetu ni mwazindika.

Wazee walitazamana. Mzee Zephaniah, ambaye ndiye peke yake aliyebaki Ronge anayejua ngoma kubwa, aliinua mkono. "Chifu, ni ile ile mliyotukataza?"

"Hiyo hiyo. Lakini sasa ni utamaduni."

"Na zamani ilikuwa nini?"

Watu wakacheka. Chifu hakucheka.

Jumapili mchungaji alitangaza kwamba hakuna dhambi, maana huko hakuchezwi pepo, kunachezwa utamaduni, tena mbele ya serikali. Waliokuwa wanaijua ngoma wenyewe ni wazee wachache ambao magoti yamekataa. Mwalimu Donald, aliyepewa kutuongoza, alitaka wanawake wanaoweza kusimama mstari ulionyooka, kwa hivyo akachukua wanakwaya na akina mama wa Umoja. Aliyejiandikisha kabla ya wote ni Ndunge, Mkamba anayeuza nguo soko la Mwatate, aliyekaa kwetu mpaka Kidawida chake, lugha yetu sisi Wataita, kinachekesha kuliko chetu.

"Wewe Ndunge," nikamwambia, "hii ni ngoma ya Wadawida."

"Na treni ni ya Wadawida pia? Mimi nafuata treni."

Mama Wakio alimwomba Gibson ruhusa. Gibson alifurahi. Lilikuwa jambo la kwanza mkewe kuliomba tangu msiba. "Nenda," akasema, "utaona mji, utachangamka." Hakuuliza zaidi ya hapo.

Mazoezi yalikuwa uwanja wa shule. Mwalimu Donald alisimama na saa mkononi na filimbi mdomoni, maana kila wilaya ilipewa dakika nne tu.

"Mwalimu," Mzee Zephaniah akasema, "kwa dakika nne hata ngozi ya ngoma haijapata joto."

"Mzee, wilaya ni zaidi ya arobaini na mnara ni mmoja."

"Na mtu akipanda?"

"Hapandi mtu. Ataonyesha tu kama anapanda. Hivi." Mwalimu akatikisa mabega yake, na tai ikamruka usoni. Ndunge alicheka mpaka akaketi chini. "Mwalimu," akasema, "wewe pepo yako ni ya ofisini."

Jioni hiyo wenzetu walitangulia. Mama Wakio alibaki kumsaidia Mzee Zephaniah kubeba ngoma mpaka stoo ya chifu, na mimi niliwafuata na mtoto mgongoni. Njiani alimweleza yote, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya chumvi. Kwamba halali, kwamba machozi hayatoki, na kwamba anataka ngoma ipigwe mpaka mwisho.

Mzee alitua ngoma chini. "Hapa siwezi. Watakufukuza, na mume wako watamfukuza."

"Kule je? Kule wameruhusu."

"Kule ni dakika nne."

Tukasimama. Danson alikuwa anavuta leso yangu. Mzee alikuna ngozi ya ngoma kwa ukucha. "Tutangoja zamu nyuma ya mnara," akasema. "Sisi tuko karibu na mwisho. Nitaanza huko nyuma, kama mtu anayejaribu ngozi. Tukiitwa mbele utakuwa umeshakwenda mbali. Zile dakika nne ziwe za kumalizia."

"Na wakiikata?"

"Nani atakata ngoma ya mtu aliyepanda, mbele ya watu wote hao?"

Tuliamini hivyo. Sote watatu tuliamini kwamba kila mtu duniani analijua sharti hilo, hata mtu wa Nairobi.

Lori lilitupeleka Voi, na Voi tukapanda treni, daraja la tatu. Mwalimu Donald alimwona Danson mgongoni kwangu akauliza kama na mtoto atavaa njuga. Ndunge akamjibu, "Yeye ana zamu ya kulia, tena hapitishi dakika nne." Mama Wakio aliketi dirishani njia nzima. Kila nilipofumbua macho yake yalikuwa wazi.

Mnara ulikuwa mweupe, mrefu kuliko kanisa lolote nililowahi kuona, umesimama peke yake kwenye uwanja mpana wa majani yaliyokatwa. Nyuma yake hapakuwa na mlima. Kwetu kila kitu kina mlima nyuma yake, kwa hivyo nilishindwa kuupima. Nikiutazama naona mkubwa, nikiutazama tena naona kama kijiti. Chini palikuwa na ngazi za mawe na sanamu za watu wa shaba wanavuta kamba pamoja.

"Kazi yake ni nini?" Ndunge akauliza.

"Ni wa kutazamwa," akasema Mwalimu.

"Basi tumeutazama. Chai iko wapi?"

Mama Wakio hakuutazama sana. Alikuwa anamtazama Mzee Zephaniah.

Walituweka nyuma, upande wa turubai, pamoja na ngoma za wilaya nyingine. Wengine walikuwa na manyoya ya mbuni, wengine ngao, wengine wamejipaka chokaa mpaka huwezi kujua umri wao. Mzee alitaka kuwasha moto kidogo apashe ngozi, kama inavyofanywa. Askari akamwambia hapawashwi moto karibu na mnara wa taifa. Basi akaziegemeza ngoma kwenye jua, akawa anazigeuza kama mtu anayeanika mihogo. Hotuba zikaendelea huko mbele. Jua lilipokuwa kali aligonga ngozi kwa kidole, akasikiliza, akamwangalia Mama Wakio, akamwitikia kwa kichwa.

Mama Wakio akaketi kwenye majani, akajifunika leso kichwani. Mzee akaanza.

Wenzetu walidhani anajaribu tu. Mmoja alikuwa anasuka nywele za mwenzake. Wapigaji wengine wawili, wazee wa rika lake, waliangaliana, kisha wakaingia nao, chini chini. Nilikaa karibu na Mama Wakio, Danson akinyonya. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu nikaona leso inaingia na kutoka mdomoni mwake. Halafu kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikaanza kugonga goti, si kwa kufuata ngoma, bali mbele yake kidogo, kama kinaivuta.

Ndipo kijana wa kipaza sauti akapita akiita, "Taita Taveta! Taita Taveta mko wapi?"

Haikuwa zamu yetu. Basi la watu waliokuwa mbele yetu lilikuwa limeharibika njiani, na nafasi yao ikawa wazi. Mwalimu Donald alikuja mbio. "Simameni, simameni, tunaingia!"

"Bado," akasema Mzee Zephaniah bila kuacha kupiga.

"Bado nini? Mzee, tunaitwa na taifa."

Nikamfunga mtoto mgongoni. Mimi na Ndunge tukamwinua Mama Wakio, kila mtu mkono wake. Ndunge aliugusa mkono ule akaacha utani. "Huyu ana nini?" akaniuliza. Nikamwambia nitamweleza. Tukatoka kwenye jua, mnara uko nyuma yetu, na watu mbele wamejaa mpaka mwisho wa macho.

Tukaanza hatua zetu za uwanja wa shule. Mama Wakio hakufuata hatua. Alikwenda katikati peke yake, na pale akapanda kweli. Shingo, kisha mabega, kisha mikono yote. Leso ikaanguka. Sijamwona hivyo kabla wala baada. Watu waliokaa kwenye viti wakainuka kuona, wakapiga makofi, na wapiga picha wakaja wamechuchumaa. Mwalimu Donald pembeni alikuwa anatabasamu kama baba wa bwana harusi. Mzee Zephaniah alikuwa ameinama juu ya ngoma yake, jasho linamdondoka, na midomo yake imeshaanza kumwuliza anataka nini. Niliona mdomo wa Mama Wakio unafunguka.

Filimbi ikalia.

Sote tukasimama, kama tulivyofundishwa. Wale wapigaji wawili wakaacha. Mzee Zephaniah hakuacha. Alipiga peke yake, na ile sauti moja kwenye uwanja ule mpana ilikuwa ndogo. Askari mmoja akaja akaweka kiganja chake juu ya ngozi. Hakuwa na hasira. Alikiweka kama mtu anayemnyamazisha mtoto alale, na sauti ikafa chini ya mkono wake. Watu wakapiga makofi sana. Kipaza sauti kikaita wilaya nyingine.

Mama Wakio alibaki amesimama, mikono yake pale ilipokuwa, mdomo wazi.

"Mama, twende," Ndunge akamwambia. "Wenzetu wanaingia."

Tukamwongoza kama unavyomwongoza mtu gizani. Nyuma ya turubai Mwalimu Donald akamshika mkono. "Hongera, mama. Umewashinda wote. Nilijua unaweza." Mama Wakio alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta.

Mzee akaomba aendelee pale pale nyuma. Akaambiwa mgeni wa heshima anasoma hotuba. Hotuba ilipokwisha, ngoma zilikuwa zimeshachukuliwa kupakiwa behewa la mizigo.

Tuliporudi Ronge watu walitupokea kwa vigelegele. Gibson alikuwa amemchinjia mkewe kuku. Mama Wakio alikaa pale alipowekwa. Zamani angalau alifagia. Sasa ufagio ulikuwa unamsubiri. Ukimpa kikombe atakishika mpaka ukichukue. Nilimlisha uji asubuhi na jioni, kijiko kimoja kwake, kimoja kwa Danson, na wote wawili walifungua mdomo vilevile. Niseme ukweli, sikuhisi kitu. Nilipika, nilifua, nilimlisha. Niliona mahindi yanaota na sikukumbuka kwamba ni sisi tulioyapanda.

Gibson alimpeleka hospitali. Daktari akamwangalia macho na ulimi, akasema damu imepungua, akatoa vidonge. Alivimeza vyote. Hakulala.

Wiki ile ile Mzee Zephaniah akaja. Alisimama nje ya ua, kofia mkononi. Gibson alikuwa anapiga randa.

"Gibson."

"Karibu, mzee."

"Sikaribii. Nimekuja kusema. Mke wako tulimwacha njiani."

"Njia gani? Amerudi. Yuko ndani."

"Nenda kamwangalie uniambie ni nani aliyerudi."

Gibson akaacha randa. Mzee akamweleza yote, tangu siku ile ya kubeba ngoma, hakuficha. Mimi nilikuwa naanika nguo upande wangu, sikujificha wala sikusogea.

"Kwa hivyo mke wangu alikwenda Nairobi kuchezewa pepo," Gibson akasema.

"Alikwenda kutafuta usingizi."

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Najua. Ndiyo maana nimesimama huku nje."

Mzee akavaa kofia akaenda. Gibson akarudi kwenye ubao ule ule, akaupiga randa mpaka ukawa mwembamba wa kutupwa.

Siku zikapita. Jioni moja alikuja jikoni kwangu, jambo ambalo hafanyi. Akamchukua Danson, akamweka gotini, akamtazama vidole.

"Shemeji, wewe ulikuwa pale. Alikuwa karibu?"

"Alikuwa karibu, shemeji."

"Karibu namna gani?"

Sikujua nimpimie kwa kipimo gani. "Alikuwa ameshafungua mdomo," nikasema.

Akanirudishia mtoto, akatoka.

Kesho yake alikwenda kwa Mwalimu Donald, mwenye ufunguo wa stoo, kuomba ngoma. Ndunge alikuwa pale akidai nguo alizokopesha walimu, ndiye aliyetuletea maneno hayo kama yalivyo.

"Za nini?" Mwalimu akauliza.

"Za mazoezi."

"Mazoezi ya nini, mzee Gibson? Sherehe zimekwisha."

"Kuna Madaraka."

"Madaraka ni Juni."

"Sisi watu wa Ronge ni wazito wa kujifunza, mwalimu."

Mwalimu alimtazama. Huenda alielewa, huenda hakuelewa. Alisema, "Basi mzirudishe zikiwa nzima," akampa ufunguo.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Gibson mwenyewe aliwasha moto katikati ya kiwanja chake, kwa vipande vya mbao alizokuwa amenunua kutengenezea madawati. Wale wazee wawili walikuja, na Mzee Zephaniah, na safari hii aliingia ndani ya ua. Ngozi zikapashwa mpaka zikalia kama chungu kizuri. Majirani walisimama njiani. Wengine walikuwa wa Umoja, na walisimama mbali kidogo, pale ambapo mtu anaweza kusema baadaye kwamba alikuwa anapita.

Ilichukua mchana wote. Kwa muda mrefu Mama Wakio alikaa chini ya leso kama gunia, na mzee mmoja akaanza kuchoka, Ndunge akamfuta jasho na kumtukana kidogo kwa Kikamba ili aendelee. Gibson aliketi kwenye kizingiti cha mlango wake, viwiko magotini. Hakuomba kwa sauti. Jua lilipokuwa linaelekea milima ya upande wa Wundanyi, kidole kile cha kushoto kikaanza.

Alipanda, lakini si kama kule. Kule alitikisika kama mti. Hapa alitikisika kama mtu mwenye baridi, kidogo kidogo, muda mrefu. Akaanguka kwa magoti. Mzee Zephaniah akasogea na ngoma yake mpaka karibu na uso wake.

"Unataka nini?"

Ngoma ikaendelea.

"Sema. Tuko hapa. Hakuna anayekimbia. Unataka nini?"

"Nataka kulala," akasema.

Ilikuwa sauti yake ya kawaida. Nilikuwa nimengoja jambo kubwa, kitambaa chekundu, au mbuzi, vitu ambavyo tunasikia pepo huomba. Hakuomba kitu kingine. Mzee hakuacha kupiga. Alipunguza kiganja kikawa vidole, vidole vikawa viwili, kikawa kimoja, na kati ya pigo na pigo ukawa unaweza kusikia kuku. Sikujua ni lini iliisha. Mama Wakio alikuwa ameshalala kwa ubavu pale kwenye vumbi, machozi yanamtoka usingizini, mengi, yanashuka upande mmoja wa uso mpaka ardhi ikalowa. Gibson alimfunika koti lake. Hakuna aliyethubutu kumbeba, basi tulimzungushia mikeka, na Ndunge akakaa akifukuza kuku.

Alilala usiku ule na karibu kesho yake yote. Alipoamka aliuliza kama kuna viazi. Sitaki kusema alipona kama watu wanavyosema kupona. Kuna siku bado anakaa na mikono mapajani. Lakini analala, na siku nyingine analia, kisha anapangusa uso anaendelea na maharagwe.

Wazee wa kanisa walimwita Gibson. Walikuwa watu wanaompenda, na walitaka kumsaidia. Mwenyekiti akamwuliza polepole, mbele ya wote, "Tumesikia yalikuwa mazoezi ya Madaraka. Ndivyo?"

Alikuwa amefunguliwa mlango, kilichobaki ni kupita tu. Mume wangu alikuwepo, anasema Gibson alitazama mikono yake kwanza.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa ngoma. Niliipigisha mimi kwangu."

Wakamtoa katika uzee wa kanisa na kumzuia meza ya Bwana mpaka watakapoona vingine. Aliyetengwa kwetu huketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pale wanapokaa wanaochelewa na wenye watoto wanaolia, kwa hivyo ni karibu na mimi. Mama Wakio hakungoja kuitwa. Aliifunga beji yake kwenye kitambaa safi, akairudisha kwa mwenyekiti wa Umoja, akaja akaketi karibu na mumewe.

Jumapili hiyo mahubiri yalikuwa marefu. Yalipofika katikati, kichwa cha Mama Wakio kilianza kuinama, kikainuka, kikainama, kisha kikatua begani kwa Gibson. Mzee mmoja wa mbele aligeuka akatutazama. Watu wakasimama kuimba. Gibson hakusimama. Alikaa wima kabisa, asitikise bega.